Maswali ya Wasomaji: RNA ya VVU hupataje umbo lake la mwisho?

Safu ya toleo hili tumeiacha kwa jambo moja, kwa kuwa barua nne zilizotufikia kuhusu kukomaa kwa virusi vya UKIMWI (VVU) zinafuatana vizuri kiasi kwamba kuzitenganisha kungekuwa hasara. Kama ilivyo desturi, majina ya waandishi hatuyachapishi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mkoani Tanga. Tulifundishwa kwamba dawa kama atazanavir na lopinavir, ambazo wagonjwa hupewa wanapohamishiwa mstari wa pili wa matibabu, huzuia virusi visikomae. Mwalimu alieleza jinsi protini zinavyokatwa, kisha akaongeza kwamba hata RNA hubadilika umbo. Hapo nilikwama. RNA imeshanakiliwa na kufungashwa. Kimebaki nini cha kubadilika, na protini inawezaje kuibadilisha bila kuikata wala kuiandika upya? (Mwanafunzi wa uuguzi, Tanga)

JIBU: Mwalimu wako alisema kweli, na mahali ulipokwama ndipo penye jambo lenyewe. Kunakiliwa kwa RNA ni jambo moja na kukunjika kwake ni jambo jingine. Uzi wa RNA, ambao hubeba maagizo ya urithi ya virusi, umeandikwa kwa besi nne, A, U, G na C, ambazo hutafutana: G hushikana na C, na A hushikana na U. Popote ambapo kipande cha uzi kinalingana na kipande kingine, uzi hujikunja wenyewe na kujenga shina lenye kitanzi kichwani. Uzi wa VVU una nukleotidi (vipande vya uzi, kila kimoja na besi yake) zaidi ya 9,000, kwa hiyo njia za kujikunja ni nyingi mno, na ugumu wake ni kwamba mkunjo usio bora, ukishajifunga kwa jozi chache tu za G na C, unaweza kudumu kwa muda mrefu bila kufumuka. RNA hunasa katika umbo la kati kwa sababu kutoka humo kunahitaji kwanza kuachanisha jozi zilizokwisha kushikana, na hakuna kinachoilazimisha kufanya hivyo.

Sasa tazama chembe changa ya VVU inapochomoza kutoka kwenye utando wa seli ikiwa na kipenyo cha nanomita 120 hivi. Ndani yake mna nyuzi mbili kamili za RNA, zilizoshikana karibu na ncha yao ya mwanzo. Mshikano huo huanzia kwenye shina moja dogo ambalo kitanzi chake kina besi sita, kwa mfano GCGCGC, zilizopangwa kwa namna ambayo mfuatano huo hulingana na nakala yake wenyewe. Kitanzi cha uzi wa kwanza hukutana na kitanzi kilekile cha uzi wa pili, na besi sita za huku hushikana na besi sita za kule. Mshikano wa kitanzi kwa kitanzi ni dhaifu. Upo mwingine ulio imara zaidi, ambao mashina yote mawili hufumuka, kisha kila upande wa shina la uzi mmoja hushikana na upande unaolingana nao wa uzi wa pili, hadi jozi zikawa nyingi kuliko zile sita za mwanzo. Lakini ili kuufikia huo wa pili, jozi za ndani za kila shina sharti ziachane kwanza, na katika joto la mwili haziachani kwa urahisi zikiwa peke yake.

Protini inayoijenga chembe changa huitwa Gag. Ni mnyororo mmoja mrefu wenye sehemu kadhaa: ya mwanzo hushika utando, ya katikati ndiyo itakayokuwa kapsidi, yaani ganda la ndani linaloifunika RNA, na kuelekea mwisho ipo nukleokapsidi, tutakayoiita NC, ambayo kazi yake ni kushika RNA. Gag zaidi ya 2,000 hujipanga kulizunguka tufe, mwanzo wa kila moja ukiwa kwenye utando na NC yake ikielekea katikati. Katika hali hiyo NC imekwisha kufanya mengi, kwa sababu ndiyo iliyoichagua RNA ya virusi kati ya RNA chungu nzima za seli, na ndiyo iliyosaidia nyuzi mbili kukutana. Hata hivyo haina uhuru. Pande zake zote mbili zimeunganishwa na sehemu nyingine za Gag, majirani wamebanana, na ikishika mahali haibanduki upesi.

Anayeipa uhuru ni protiesi, kimeng'enya cha virusi vyenyewe. Protiesi huingia ndani ya chembe ikiwa sehemu ya toleo refu la Gag liitwalo Gag-Pol, ambalo hutengenezwa mara moja hivi kwa kila Gag 20, na haiwezi kukata mpaka nusu zake mbili zikutane, jambo linalowezekana pale tu Gag zinapokusanyika kwa wingi mahali pamoja. Haikati kiholela. Mkato wa kwanza huitenga NC na upande wa kapsidi. Ule wa kukiondoa kipande kifupi kiitwacho SP1 kwenye mwisho wa kapsidi huja nyuma kabisa, sambamba na ule unaokiondoa kipande kingine kwenye mwisho wa NC. Kwangu mimi mpangilio huu ndio ulio mzuri kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu maana yake ni kwamba protini inayoipanga RNA huachiliwa kabla ganda jipya la kapsidi halijajengwa kuizunguka RNA hiyo.

NC iliyoachiliwa ni ndogo sana, ina asidi amino 55 tu. Imejaa chaji chanya, na katikati yake kuna vifundo viwili ambavyo kila kimoja kimeshikilia atomu ya zinki kwa asidi amino nne, sisteini tatu na histidini moja. Chaji chanya hupunguza msukumano wa nyuzi za RNA, ambazo zote zina chaji hasi na kwa asili hukimbiana, hivyo nyuzi husogeleana. Vifundo vya zinki navyo hupenda besi ya G isiyo na mwenzi: G ikiachia kidogo tu mahali pake, kifundo huidaka, na ile C iliyokuwa mwenzake hubaki wazi kutafuta mwingine. Muda si mrefu NC hubanduka na kwenda kushika pengine. Haitumii ATP, molekuli ya nishati ya seli, wala haivunji mnyororo wa RNA. Inafanya kazi ya mafuta kwenye nywele zilizosokotana, ambayo hayasuki chochote bali hulegeza mpaka nywele ziweze kupangika upya. Umbo la mwisho halimo ndani ya NC. Limo katika mfuatano wa besi wenyewe, na NC hufupisha tu njia ya kulifikia, ikiziachia haraka jozi dhaifu kuliko jozi imara hadi zinazobaki ni zile zilizo imara.

Idadi nayo ina uzito wake. Nyuzi mbili za RNA zina jumla ya nukleotidi zaidi ya 18,000, na NC ni zaidi ya 2,000, yaani moja kwa kila nukleotidi nane au tisa. Kwa kuwa kila NC hufunika nukleotidi kati ya tano na nane, karibu uzi wote huwa umefunikwa, na hakuna kona ya RNA inayoachwa bila kuguswa.

Matokeo yake huonekana mahali patatu. Kwanza, mshikano wa nyuzi mbili hukaza. Pili, tRNA ya lisini, RNA ndogo ambayo kwa kawaida hubeba asidi amino ya lisini na ambayo virusi huichukua kutoka kwenye seli ya binadamu, huketi vizuri mahali pake: besi 18 za mwisho wa tRNA hiyo zinalingana na sehemu maalumu ya uzi wa virusi, na hapo ndipo utengenezaji wa DNA utakapoanzia katika seli mpya, lakini tRNA ni molekuli iliyojikunja kwa uimara na ni lazima ifumuliwe kwanza. Gag huianza kazi hiyo na NC iliyo huru huikamilisha. Tatu, RNA yote pamoja na NC zake husinyaa na kuwa bonge dogo, ambalo kapsidi hulifunika kwa ganda lenye umbo la pia.

Atazanavir huingia katika tundu la protiesi pale ambapo Gag ingeingia ili ikatwe. Gag isipokatwa, NC hubaki imefungwa, nyuzi za RNA hubaki katika mshikano wake dhaifu, na ganda la kapsidi halijengwi. Chembe hutoka kwenye seli kama kawaida, lakini haiwezi kuambukiza. Usichukulie kwamba umbo la RNA ndilo sababu pekee ya hali hiyo, kwa maana kukosekana kwa ganda peke yake kunatosha kuiangamiza chembe. Umbo la RNA ni sehemu moja ya kazi ambayo dawa huisimamisha kwa pigo moja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo huwa silijibu kwa kuridhisha: kitu kidogo kuliko chembe ya virusi, kilichofichwa ndani ya chembe hiyo, watu wamejuaje kwamba kimebadilika umbo? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, waambie wanafunzi wako kwamba jibu la kwanza lilipatikana kwa kupasha moto. Kwamba RNA ya virusi vya kundi hili hukaa mbilimbili lilikuwa limejulikana tangu miaka ya 1970, pale nyuzi zilizotolewa kwenye virusi vya wanyama zilipotazamwa kwa darubini ya elektroni. Mwaka 1993 William Fu na Alan Rein, waliokuwa wakifanya kazi Frederick, Maryland, nchini Marekani, walichukua virusi vya saratani ya damu ya panya, wakaitoa RNA yake kwa upole ili nyuzi zisiachane, wakaipasha joto hatua kwa hatua, kisha wakaipitisha kwenye jeli ya umeme ambayo huzitenganisha nyuzi zilizo mbilimbili na zilizo mojamoja. RNA iliyotoka katika virusi ambavyo protiesi yake imeharibiwa iliachana katika joto la chini kuliko RNA ya virusi vya kawaida. Vivyo hivyo, RNA ya chembe zilizovunwa mara tu baada ya kutoka kwenye seli ilikuwa dhaifu kuliko ile ya chembe zilizokaa. Mwaka uliofuata, wakiwa pamoja na Robert Gorelick, walionyesha kwamba VVU navyo vina tabia hiyo.

Jaribio hilo ninalipenda kwa sababu halikuhitaji kuliona umbo. Liliuliza swali moja tu, nyuzi zimeshikana kwa nguvu kiasi gani, na jibu likasomeka kwenye jeli.

Lililobaki lilikuwa kujua ni mkato upi unaohusika, kwa kuwa protiesi hukata mahali pengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulibadilisha mahali pa mkato mmoja mmoja, ili protiesi ishindwe kukata hapo huku ikiendelea kukata kwingine, na ikaonekana kwamba mkato kati ya SP1 na NC ndio wenye uzito mkubwa kwa uimara wa jozi ya RNA.

Wengine walifuata njia ya bomba la majaribio. Vipande vifupi vya RNA ya VVU vyenye lile shina la besi sita, vikichanganywa katika nyuzijoto 37, hushikana kwa vitanzi tu. Vikipashwa hadi nyuzijoto 55 huhamia kwenye mshikano mrefu ulio imara. Ukiongeza NC, uhamaji huohuo hutokea katika nyuzijoto 37. Ukitaka mfano mmoja wa kuwaandikia ubaoni, andika huu, kwa sababu unaonyesha bila maneno mengi kwamba NC hufanya kwa joto la mwili kile ambacho bila yake kingehitaji moto. Uongeze tu tahadhari kwamba vipande vifupi si uzi mzima, na kwamba watafiti wanaendelea kubishana kama katika chembe halisi badiliko ni lilelile la vitanzi kuwa mshikano mrefu au kuna jozi nyingine zinazoongezeka mahali pengine kwenye uzi.

Njia ya karibuni zaidi hutumia kemikali inayoshambulia nukleotidi zinazochezacheza na kuziacha zile zilizofungwa katika jozi. Maabara ya Kevin Weeks, Chuo Kikuu cha North Carolina, iliitumia kusoma RNA ndani ya chembe za VVU na nje yake, na mwaka 2009 ikachapisha ramani ya umbo la jenomu nzima, yaani uzi wote wa RNA ya virusi. Kikundi hicho kiliwahi pia kuzitibu chembe kwa dawa inayoitoa zinki kwenye NC, kisha kikasoma tena. Sehemu zilizobadilika kati ya vipimo viwili ndizo zilizoonyesha NC ilikuwa imeshika wapi.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kwa nini virusi vibebe nyuzi mbili wakati mmoja ungetosha? Na je, hili lina uhusiano wowote na yale ninayoyasikia kwamba huku kwetu Afrika Mashariki kuna VVU vya mchanganyiko? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba. Uhusiano upo, na ni wa moja kwa moja. Virusi vinapoingia katika seli mpya, kimeng'enya chake hunakili RNA kuwa DNA, na katika kunakili huko huruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine mara kadhaa. Uzi mmoja ukiwa umekatika au kuharibika, unakili huendelea kwenye wa pili, na hiyo ni faida ya kwanza ya kubeba mbili. Faida ya pili, ambayo kwetu sisi ni hasara, huonekana pale mtu mmoja anapokuwa na aina mbili za VVU na seli yake moja ikaambukizwa na zote mbili. Chembe zitakazotoka katika seli hiyo zinaweza kubeba uzi mmoja wa kila aina, na katika mzunguko unaofuata hupatikana DNA iliyochanganyika.

Afrika Mashariki ina aina nyingi za VVU, zinazotajwa kwa herufi, ambazo hukutana: Kenya kuna A kwa wingi, Uganda A na D, Tanzania A, C na D. Mojawapo ya mchanganyiko unaotambuliwa kimataifa, wa C na D, ulielezwa kutokana na sampuli za Dar es Salaam. Hapa zile besi sita zinarudi kwa namna ya kuvutia. Katika aina B na D kitanzi kwa kawaida husomeka GCGCGC, ilhali katika A na C husomeka GUGCAC. Kila mfuatano hulingana na nakala yake, lakini haulingani sawasawa na ule mwingine, kwa hiyo nyuzi zenye vitanzi tofauti hukutana kwa nadra zaidi kuliko zenye vitanzi vinavyofanana. Majaribio ya maabara yaliyolinganisha B na C yamethibitisha kwamba tofauti hiyo hupunguza kasi ya kuchanganyika. Haiizuii, na wala usiichukue kama ukuta. Mchanganyiko wa A na D ni wa kawaida Uganda licha ya vitanzi vyake kutofautiana.

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Ikiwa NC ni ya lazima kiasi hicho na vifundo vyake vya zinki havibadiliki, mbona hakuna dawa inayoilenga? (Kisumu)

JIBU: Hoja yako ni ileile iliyowavuta watafiti tangu miaka ya 1990. Vifundo hivyo haviwezi kubadilika ovyo bila virusi kupoteza uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo usugu dhidi ya dawa ya namna hiyo ungekuwa mgumu kujitokeza. Kemikali za kuing'oa zinki zilipatikana, na huviua virusi kweli. Kikwazo ni kwamba binadamu naye ana protini nyingi zenye vifundo vya zinki, na kemikali inayoing'oa zinki ya VVU bila kuigusa ya mgonjwa ni vigumu kuitengeneza. Ndiyo maana kemikali hizo zimebaki kuwa vifaa vya maabara, kama katika utafiti niliomtajia Mwalimu wa Morogoro.

Waliojaribu kuzuia ukomavu kwa njia nyingine walilenga mkato badala ya NC. Bevirimat, kwa mfano, hushika mahali pa mkato kati ya kapsidi na SP1, lakini majaribio yake kwa wagonjwa yalikwama kwa sababu virusi vya watu wengi tayari vilikuwa na SP1 tofauti kidogo, isiyoathiriwa na dawa. Sindano ya lenacapavir, ambayo pengine umeisikia kutokana na utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, hushika kapsidi yenyewe wala haigusi RNA.

Kilichowashangaza watafiti ni kundi jingine la kemikali, lililobuniwa ili kukizuia kimeng'enya cha integresi kisifanye kazi yake katika seli mpya, ya kuipachika DNA ya virusi kwenye DNA ya seli. Iligundulika kwamba kemikali hizo huharibu virusi mapema zaidi, wakati wa kukomaa, na mwaka 2016 sababu ikaelezwa: integresi nayo hushika RNA ya virusi katika hatua hiyo, na ikizuiwa kuishika, lile bonge la RNA na NC hukaa nje ya ganda la kapsidi badala ya ndani. Chembe ya namna hiyo ina RNA kamili na NC iliyokatwa barabara, lakini inapoingia katika seli mpya, RNA isiyo na ganda huharibiwa kabla haijanakiliwa.